Pishi Tatu za Unga: Mwongozo Kamili wa Kusoma Vipimo vya Nafaka vya Waebrania katika Kigiriki cha Biblia

Fungua Biblia ya Union Version kwenye Mathayo 13:33. Mwanamke anasitiri chachu ndani ya pishi tatu za unga. Rudi nyuma hadi Mathayo 5:15: watu hawawashi taa wakaiweka chini ya pishi. Sasa nenda Kutoka 16:36, penye habari za mana: pishi ni sehemu ya kumi ya efa. Neno ni moja, pishi, mara tatu. Vyombo vilivyo nyuma yake ni vitatu na havilingani. Cha Mathayo 13 ni sato, cha Mathayo 5 ni modio ya Kirumi, cha Kutoka ni omeri. Omeri ni lita mbili na kidogo. Modio inakaribia lita tisa.

Siwalaumu watafsiri. Pishi ndiyo iliyokuwa dukani, vibaba vinne, visaga viwili, na kila mtu aliijua. Ila anayeandaa somo kwa pishi hiyo ya dukani atamwona mama akikanda unga wa kilo tano hivi na kupita haraka, na hapo mfano umeshampotea. Mwongozo huu ni wa kukusaidia kutoka kwenye neno la Kigiriki mpaka kwenye chombo halisi. Huhitaji kuwa msomi wa Kigiriki. Ukijua herufi zake na ukiwa na Septuaginta kwenye simu, yaani ile tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Agano la Kale, inatosha.

Hatua ya 1: Shika uwiano kwanza, lita baadaye

Wengi huanza kwa kuuliza "hii ni lita ngapi?" Hilo ndilo swali lenye majibu yasiyo na uhakika. Lenye uhakika ni hili: chombo gani kinaingia mara ngapi ndani ya kingine. Andika uwiano huu kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lako:

Homeri 1 = kori 1 = efa 10
Efa 1 = sea 3 = omeri 10
Sea 1 = kabi 6
Kabi 1 = logi 4

Kwa hiyo efa moja ina kabi 18 na logi 72. Bathi, chombo cha mafuta na divai, ina ujazo uleule wa efa. Ezekieli 45:11 inasema wazi kwamba efa na bathi ziwe kipimo kimoja, kila moja sehemu ya kumi ya homeri. Aya ya 14 inaongeza kwamba kori ni bathi kumi. Ukizishika aya hizi mbili, na Kutoka 16:36 juu yake, karibu mfumo wote umo mkononi mwako.

Hatua ya 2: Tazama neno la Kigiriki limevaaje

Maneno ya vipimo katika Kigiriki cha Biblia yamekuja kwa njia nne, na mavazi yake hukuambia njia ipi.

Yapo ya Kisemiti yaliyokaa Ugirikini hadi yakawa wenyeji. Yana viambishi vya mwisho vya Kigiriki na hubadilika kama majina mengine. Haya ni σάτον, wingi σάτα, κόρος, wakati mwingine κόρους, βάτος na βάτους, κάβος. Sato ndiyo sea yenyewe, ila jina halikutoka moja kwa moja kwenye sea ya Kiebrania. Imetoka kwenye umbo la Kiaramu, sata, ndiyo maana ina t ambayo sea haina. Ni lugha ya sokoni ya Wayahudi wa karne ya kwanza, na Mathayo 13:33 pamoja na Luka 13:21 zinaitumia bila kuifafanua.

Yapo yaliyonakiliwa sauti tu yakaachwa hivyo: οιφι, yaani efa, na γομορ. Haya hayabadiliki hata kidogo. Ukikuta "πέντε οιφι", tano na umbo lilelile, jua mtafsiri amelibeba neno zima bila kulivua viatu. Efa yenyewe Waebrania waliipata Misri, na umbo hilo la oifi liko karibu na matamshi ya Wamisri wa baadaye. Mtafsiri wa Aleksandria alikuwa analisikia mtaani.

Aina ya tatu ni vipimo vya watu wengine vilivyowekwa mahali pa vile vya Kiebrania: χοῖνιξ ya Wagiriki, ἀρτάβη ya Uajemi iliyozoeleka Misri, μετρητής ya vimiminika. Μόδιος na ξέστης ni Kilatini kilichovaa kanzu ya Kigiriki.

Ya nne ni μέτρον, "kipimo" tu. Linaonekana jepesi, lakini ndilo linalohitaji kazi zaidi. Nitalirudia.

Tahadhari moja ndogo kwa wanaotumia namba za Strong, zile zinazotambulisha kila neno la asili la Biblia, kwenye programu za simu: βάτος ya kipimo ni 943, na βάτος ya kijiti kilichowaka moto mbele ya Musa ni 942. Tahajia ni ileile. Ukigusa isiyo yako, mdeni wa Luka 16 atakuwa anadaiwa vichaka mia vya mafuta.

Hatua ya 3: Rudi kwenye Kiebrania kila mara

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Usidhani neno moja la Kigiriki ni chombo kimoja. Chukua sea na uone sura zake:

Mwanzo 18:6, Sara anaambiwa akande sea tatu: μέτρα.
2 Wafalme 7:1, bei ya unga langoni pa Samaria: μέτρον, na shayiri sea mbili ni δίμετρον.
1 Wafalme 18:32, handaki la Eliya lenye nafasi ya sea mbili za mbegu: μετρητάς, chombo cha vimiminika!
1 Samweli 25:18, bisi za Abigaili, sea tano: οιφι tano.

Hiyo ya Abigaili inauma. Kiebrania kina sea tano, Kigiriki kina efa tano. Zawadi imeongezeka mara tatu kwa kalamu ya mtafsiri. Usitafute siri ya kiroho hapo.

Mtego mkubwa kuliko yote ni γομορ. Kiebrania kina omeri, inayoanza na ayini, na homeri, inayoanza na heti. Moja ni kipimo cha mana ya mtu mmoja kwa siku. Nyingine ni mzigo wa punda, na inazidi ya kwanza mara mia. Kigiriki hakina ayini wala heti. Ayini mara nyingine walisikia kama g, ndivyo tulivyopata Gaza na Gomora, na ndivyo omeri ikawa gomor katika Kutoka 16. Lakini homeri nayo inaandikwa gomor katika Ezekieli 45:11 na Hosea 3:2. Maneno mawili yenye tofauti ya mara mia yameingia kwenye tahajia moja.

Ufanyeje? Tazama Kiebrania, au tafsiri ya Kiswahili inayofuata Kiebrania. Kama husomi Kiebrania, angalia kinachopimwa na nani anakibeba. Chakula cha mtu mmoja kwa siku kitakuwa omeri. Mbegu za shamba, mahari au hesabu ya mfalme itakuwa homeri. Sehemu nyingine Septuaginta yenyewe inakuokoa kwa kuandika κόρος mahali pa homeri: Walawi 27:16, kori ya shayiri kwa fedha hamsini, na Hesabu 11:32, ambapo aliyekusanya kware kidogo alipata kori kumi.

Mtego wa pili ni koinix. Katika Ufunuo 6:6 ni koinix halisi ya Kigiriki, lita moja na kidogo. Katika Ezekieli 45 mtafsiri amelitumia neno hilohilo pale Kiebrania kinaposema efa au bathi, na akaandika kuwa ni sehemu ya kumi ya gomor. Hiyo ni mara ishirini au zaidi ya ile ya Ufunuo. Anayechukua ufafanuzi wa Ezekieli akaupeleka kwa yule mpanda farasi mweusi wa Ufunuo atageuza njaa kuwa neema.

Hatua ya 4: Ukikuta "metra tatu", simama

Katika Septuaginta, Kutoka 16:36 haisemi omeri ni sehemu ya kumi ya efa. Inasema gomor ni "sehemu ya kumi ya metra tatu". Mtafsiri ameivunja efa katika sea zake tatu, na sea akaiita metron. Isaya 5:10 inafanya vivyo hivyo: pale Kiebrania kinaposema efa, Kigiriki kina μέτρα τρία.

Kwa hiyo metra tatu, au sata tatu, ni efa kamili iliyotajwa kwa mlango wa pili. Sasa ziweke Mwanzo 18:6 na Mathayo 13:33 upande kwa upande. Sara anakanda sea tatu kwa wageni watatu chini ya mialoni ya Mamre. Mwanamke wa mfano anachachusha sata tatu. Ni kiasi kilekile. Katika Union Version huwezi kuona uhusiano huo, kwa sababu Mwanzo ina "vipimo vitatu" na Mathayo ina "pishi tatu". Efa ya unga ndiyo pia aliyoitayarisha Gideoni kwa malaika, Waamuzi 6:19, na aliyoipeleka Hana Shilo pamoja na mtoto Samweli, 1 Samweli 1:24. Mimi naona msikilizaji wa kwanza wa mfano ule alisikia karamu ya mgeni mkubwa tangu namba ilipotajwa, kabla hata chachu haijafanya kazi.

Angalia tu usiligeuze kuwa sheria. Metron pekee bila "tatu" inaweza kuwa efa nzima, kama katika Zekaria 5:6-7, mwanamke aliyeketi ndani ya kipimo, au katika Amosi 8:5, wafanyabiashara wanaopunguza kipimo na kukuza shekeli.

Hatua ya 5: Sasa lita, lakini andika mbili

Kuna mapokeo mawili yenye uzito, na hayakubaliani.

La kwanza ni la Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, aliyewaandikia Warumi. Anasema sato ni modio ya Italia moja na nusu. Mahali pengine anasema bathi inachukua xesta 72, yaani ξέστης ile ya Hatua ya 2. Jaribu hesabu yake: modio ni xesta 16, moja na nusu ni 24, mara tatu ni 72. Imekubali, maana bathi ni sawa na efa na efa ni sea tatu. Kumbuka pia efa ina logi 72, kwa hiyo kwake logi ni xesta. Xesta ya Kirumi ni lita 0.54 hivi. Efa inatoka lita 39, sato lita 13.

Pale anaposema kori ni medimno kumi za Attika, kipimo cha nafaka cha Wagiriki, usimfuate. Medimno moja ni lita 52 hivi, na kori ingefika zaidi ya lita 500 ilhali hesabu yake mwenyewe inatoa 390. Wengi wanaamini alikusudia metrete, ambayo inakaribia lita 39, na kalamu ikateleza.

La pili ni la mitungi. Vipande vya vyungu vya zama za wafalme wa Yuda vyenye neno bathi vimechimbuliwa Tell Beit Mirsim na Lakishi, magofu ya miji ya kale ya Yuda. Mwanaakiolojia W. F. Albright aliunganisha vipande akakadiria bathi ya lita 22 hivi. Efa inakuwa 22, sea 7.3, omeri 2.2.

Ipi ni sahihi? Kwa maandiko ya wafalme na manabii mimi hutumia 22. Kwa injili huandika zote mbili. Na kuna shahidi wa tatu ambaye watu wengi hawamwiti. Isaya 5:10 kwa Kiebrania: homeri ya mbegu itazaa efa. Kwa Kigiriki: atakayepanda artaba sita atavuna metra tatu. Mtafsiri, mtu wa Misri, ameiona homeri kuwa artaba sita. Artaba ya Misri iliyotumika sana ilikuwa lita 39 hivi. Mara sita ni 234, gawa kwa kumi upate efa: lita 23 na ushei. Inaegemea upande wa mitungi. Artaba zilitofautiana, kwa hiyo usiiweke kama muhuri, lakini hesabu ni nzuri. Artaba ndiyo pia anayopewa sanamu Beli, kumi na mbili za unga kila siku, katika Danieli 14 kwenye Biblia ya Kikatoliki.

Hatua ya 6: Pima kwa chombo cha nyumbani kwako

Lita kwenye karatasi hazimfikishi msikilizaji popote. Nilichukua kopo la lita moja, nikalijaza unga wa ngano, nikafuta juu kwa kisu, ile wazee wanayoita pishi ya mfuto. Mizani ya jikoni ikasoma gramu 560. Kisha nikaligonga kopo mezani mara kumi. Unga ukazama karibu vidole viwili. Nikaongeza, nikafuta tena: 680. Kopo lilelile. Hapo Luka 6:38 ikanifungukia kuliko nilivyowahi kuisoma, "kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika": kila neno pale ni tendo la mkono wa muuzaji. Anayepima kwa kufuta juujuu na anayetikisa kwanza hawauzi kitu kimoja, na kila aliyebishana na mwenye debe sokoni anajua hilo. Lumbesa nayo ni hadithi hiyohiyo, ila pale anayeumia ni mkulima.

Kwa unga wa mfuto, basi, sata tatu ni kilo 12 kwa kipimo cha mitungi, na karibu kilo 22 kwa cha Josephus. Fikiria mfuko wa kilo 25 wa mwenye kuoka mikate: kutoka nusu yake hadi karibu wote. Mwanamke mmoja, mikono miwili.

Nenda Luka 16:7. Union Version ina "makanda mia ya ngano", na msomaji anaona makanda ya ukindu ukutani. Kigiriki ni kori mia. Ni efa elfu moja, lita 22,000 hadi 39,000, tani 17 hadi 30 za ngano. Magunia ya kilo mia, 170 na kuendelea mpaka 300. Huyu hadaiwi na duka la mtaani. Anakodi ardhi au anafanya biashara ya nafaka, na wakili anapoandika themanini badala ya mia anafuta mzigo wa lori.

Ufunuo 6:6 inataka jicho tofauti, kwa sababu ni bei. "Kibaba cha ngano kwa nusu rupia." Kibaba hapa kimepatia: koinix ni lita 1.1 hivi, ngano isiyofika kilo moja. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, alipokadiria chakula cha jeshi la Xerxes, mfalme wa Uajemi, alimpa kila mtu koinix moja ya ngano kwa siku. Kilichopotea ni sarafu. Kigiriki kinasema dinari, na dinari ndiyo ujira wa kutwa wa vibarua wa Mathayo 20:2. Union Version inaandika dinari kule, nusu rupia huku, na msomaji hawezi kujua kwamba ni sarafu moja. Zirudishe pamoja: kibarua anashinda juani, jioni anapata ngano ya kumtosha yeye peke yake. Akiwa na watoto, atanunua shayiri, vibaba vitatu.

2 Wafalme 6:25 pia ina kibaba katika Kiswahili chetu, robo ya kibaba ya mavi ya njiwa kwa vipande vitano vya fedha. Huyu ni kabi wa Kiebrania, κάβος, lita 1.2 kwa kipimo cha mitungi. Kwa bahati tu, vibaba hivi viwili vya lugha mbili vinakaribiana sana.

Hatua ya 7: Pale Kiebrania kinaponyamaza

Mara nyingine hakuna kipimo kabisa. Hagai 2:16 kwa Kiebrania: mtu alifika kwenye chungu ya ishirini, akakuta kumi. Ishirini za nini? Mtafsiri wa Kigiriki hakuvumilia, akaandika σάτα ishirini na sata kumi za shayiri. Ni dhana yake, ya maana, lakini ni yake. Usiinukuu kama neno la nabii.

Ruthu 3:15 ni bora zaidi, maana pale hata Mgiriki alinyamaza. Boazi anampimia Ruthu "sita za shayiri" katika shuka, Kigiriki vilevile ἓξ κριθῶν. Hapa tumia mwili wa mtu. Lita moja ya shayiri ni gramu 600 hivi. Zikiwa efa sita ni lita 132, karibu kilo 80, na hakuna shuka wala shingo ya kubeba hizo hadi mjini kabla hakujapambazuka. Zikiwa omeri sita ni kilo 8, chini ya efa moja aliyoiokota mwenyewe kwa siku moja katika 2:17, na Boazi angeonekana bahili. Zikiwa sea sita ni kilo 26 au 27, zaidi ya debe moja la maji. Kajaribu kulitwika kichwani, kisha tembea nalo kutoka uwanja wa kupuria hadi lango la mji.